Gari Lilimkataa Mgonjwa

Katika mtaa huu hakuna mtu anayeijua turbo ya gari la dizeli kunishinda mimi.

Msinipigie makofi. Aliyekuwa ananishinda tumemzika, na spana pekee niliyowahi kuimudu ni ile ninayokunia mgongo.

Lakini turbo niliifungua, kwa mikono hii hii. Na nilichokikuta chini ya boneti, afadhali ningekuta nyoka. Nyoka unapiga kelele, watu wanakuja na fimbo, mambo yanaisha.

Sasa sikieni.

Gari letu lilikuwa linapanda kilima cha hospitali vizuri kabisa, mradi halijambeba mgonjwa. Ukimpakia mgonjwa tu, linafika katikati ya kilima, linakohoa moshi mweusi, linagoma.

Bila mgonjwa, linapaa. Na mgonjwa, linakufa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mume wangu.

Watu wote walimwita Fundi. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo, nadhani jina la kwanza alishalisahau. Alianza kufungua injini za dizeli kabla hajaota ndevu, akaendelea mpaka ndevu zikawa nyeupe. Malori, matrekta, jenereta. Kitu chochote kinachotoa moshi, yeye ni ndugu yake.

Mimi aliniita Stepni. Yaani tairi la akiba.

"Kwa sababu kila nikipata pancha," alisema, "wewe ndiye unanifikisha nyumbani."

Watu wakimsikia mzee anamwita mkewe Stepni, walidhani kuna mke mwingine mahali, mimi ni wa ziada. Sikuwasahihisha. Huruma yao ilikuwa inakuja na sukari.

Kisha figo zikamfa. Zote mbili.

Ikabidi damu yake iwe inasafishwa kwa mashine, kule hospitali ya juu kilimani, kila baada ya siku chache. Sindano mbili nene kama misumari. Analala pale nusu siku, anarudi amenyauka kama nguo iliyokamuliwa. Akianza kupata nguvu ya kushika kijiko, siku ya kurudi imefika.

Na mashine zina zamu. Ukichelewa, zamu yako anapewa mwenzako, wewe unarudi nyumbani na sumu yako ndani ya damu. Ukikosa zamu mfululizo unavimba, pumzi inakata, basi. Daktari alituambia hivyo bila hata kupepesa macho.

Dereva alikuwa kitindamimba wetu, binti. Aliacha kazi yake ya ushonaji mji mwingine, akaahirisha harusi, akarudi kumuuguza baba yake. Kiti cha mbele cha gari alikilaza, akakitandikia godoro alilolishona kwa kipimo cha mgongo wa mzee. Magari ya watu Fundi hakuweza kuyapanda. Tulijaribu mara moja, akaomba kushushwa kabla hata hatujaacha mtaa, mifupa inamlilia.

Kwa hiyo lile gari bovu ndilo lililokuwa roho yake. Likifika juu, anaishi. Lisipofika, hesabu unaijua.

Kuna siku Fundi alimwambia binti, polepole, kama mtu anayeomba chumvi:

"Mwanangu, mimi nimechoka na hii mashine."

Binti akaangusha funguo sakafuni. Akalia mpaka kwikwi.

"Baba, ukiacha, utakuwa umeniacha makusudi! Sikusamehe hata ukiwa kaburini!"

Neno lile Fundi hakulirudia tena.

Shikeni hapo. Mtapahitaji.

Mume wangu alikuwa na desturi moja. Gari haliondoki nyumbani kabla hajafungua boneti yeye mwenyewe, akakagua oili na maji. Hata wakati kikombe kinamtetemesha mkono, tulimshika mabega akafika mbele ya gari, akainama.

"Stepni, niletee kitambaa."

Naingia ndani, natoka na kitambaa, anafuta mikono, boneti inafungwa.

"Haya. Kanyaga twende."

Siku ya kwanza gari lilipogoma, tulikuwa kwenye ile kona kali, ukuta huku, bonde kule. Nguvu ikaisha ghafla, kama mtu aliyekumbuka deni.

"Ongeza moto!" nikapiga kelele kutoka kiti cha nyuma.

"Nimekanyaga mpaka chini, Mama!"

Moshi mweusi. Lori nyuma yetu linapiga honi. Gari likaanza kurudi kinyumenyume, binti akavuta hendibreki mpaka ikalia. Kugeuza pale ilikuwa kazi ya malaika. Tukarudi. Zamu ikapita.

Nyumbani Fundi akasema, "Nishikeni nilitazame kabla halijapoa. Huenda kuna bomba limelegea."

Akainama kwenye boneti.

"Stepni, kitambaa."

Kesho yake binti akaenda peke yake hospitalini kumbembeleza muuguzi atupe zamu nyingine. Gari likaruka kilima kile kama limeitwa kula.

Zamu ikapatikana. Tukampakia mzee. Kona ileile, moshi uleule. Likagoma.

Muuza mkaa wa jirani akaja kunipa pole, na pole yake siku zote ina miba.

"Bibi, mimi nakwambia ukweli. Hilo gari limemkataa mzee. Vyuma vina kinyongo. Huyu amevifungua vyuma vingapi maishani mwake? Sasa vinalipiza."

"Na siku mkaa ukianza kulipiza," nikamwambia, "wewe utabaki na kope kweli?"

Akaondoka. Lakini maneno yake yakabaki.

Tukalipeleka gereji. Yule fundi wa gereji akalipandisha kilimani mwenyewe, akarudi anachekelea. "Bibi, hili gari ni zima kuliko mimi."

Nilipomwambia mume wangu, aligeukia ukutani.

Siku zikawa zinakwenda, na mzee anavimba. Miguu ukiibonyeza, kidole kinaacha shimo. Uso ukawa si wake, macho yamebaki mistari. Akilala chali anakosa hewa, ikabidi tumwegemeze kwenye mito, analala ameketi kama mlinzi. Jamani, kumsikia mtu wako akitafuta pumzi kwenye chumba kilichojaa hewa, we acha tu.

Nikiri, nilianza kuamini habari za muuza mkaa. Asubuhi moja nililifuata gari, nikainama kwenye taa yake ya mbele nikaliambia, "Wewe bati, huyu ndiye aliyekufanya ukazeeka. Mbebe tu, utakuwa umepungukiwa nini?" Binti akanikuta hapo. Nikasema nafuta vumbi.

Zamu nyingine ikafika. Likagoma tena.

Siku hiyo tuliporudi, Fundi hakuweza kusimama. Miguu ilimkataa kabisa. Tukambeba, binti kwapani, mimi magotini.

"Nipelekeni kwenye boneti kwanza," akasema.

"Boneti ya nini tena, Baba? Lala."

"Nipelekeni!"

Alishika fremu ya mlango. Ikabidi nimbandue kidole kimoja kimoja. Nilidhani homa imempanda kichwani.

Kesho yake binti akachukua gari kwenda kufuata dawa. Peke yake.

Likagoma.

Bila mgonjwa! Kona ileile!

Akarudi macho mekundu, akampigia fundi wa gereji, akaweka simu kwenye spika ili na mimi nisikie.

"Hapo sasa hiyo ni turbo," sauti ikasema. "Turbo ndiyo inaipa injini pumzi. Ndani kuna vibati vidogo vinavyofunguka na kufunga. Masizi yakiganda, vinakwama, gari halina nguvu ya mlima. Kwa nje kuna kifimbo cha chuma kinachovisogeza. Kikisogea, turbo nzima. Kisiposogea, imekwama, ifunguliwe isafishwe."

"Utakuja lini?"

"Nina lori la watu hapa. Wiki ijayo."

Tuliangaliana na binti. Wiki ijayo mzee angekuwa wapi? Zamu ilikuwa keshokutwa.

Nikapandisha mikono ya gauni. "Lete spana za baba yako."

"Mama, wewe?"

"Mimi nimelala na fundi miaka yote hii. Unadhani hakuna kilichoniambukiza?"

Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha la chumba chake. Tulipofungua tu boneti, pazia likasogea. Uso uliovimba ukatokea.

"Mnafanya nini hapo?"

"Tunaifungua turbo, mume wangu. Imekwama."

"Funga boneti, Stepni. Wewe hata kopo la maziwa linakushinda."

"Basi nielekeze. Fundi akiwa dirishani, mjinga anafungua hata ndege."

Pumzi yake ikawa inakwaruza. Halafu akasema, "Anza na bomba la hewa. Lile nene, upande wa kulia. Legeza mkanda wake, litoke. Pulizia dawa, sugua masizi. Upande wa nyuma msiguse."

"Nyuma kuna nini?"

"Kuna kile kifimbo. Kimechakaa. Mkikigusa tu kinavunjika, gari ndiyo basi tena."

Tukafanya kazi. Bomba likatoka, na masizi yake meusi tii, yanateleza kama samli iliyoungua. Binti anasugua kwa mswaki wa zamani, mimi nashika tochi. Mikono ikawa si ya watu. Kila nikisogea upande wa nyuma, dirisha linasema, "Stepni! Nimesema nini?"

Sasa ninyi niambieni. Mwanamke wa umri wangu, ukimwambia asiguse kitu, si ndiyo umemwonyesha kilipo?

Nikamwambia binti, "Hebu nenda kaniletee kitambaa."

Akaenda. Nami nikapenyeza mkono nyuma ya injini, nikapapasa. Nikakipata kifimbo. Nikakisukuma.

Hakisogei.

Nikakishika vizuri zaidi. Hapo kidole changu kikagusa kitu ambacho hakikuwa sehemu ya gari.

Waya.

Waya mwembamba umekizunguka kifimbo, umekibana na bati la pembeni, umesokotwa, umekazwa. Kifundo kizuri, kidogo, safi.

Na kifundo kile nilikijua.

Mume wangu alikuwa wa mkono wa kushoto. Watu wote wanasokota waya kwenda kulia, yeye kushoto. Na akimaliza, ncha anaikunja kwa koleo, anailaza ndani ya msokoto. Kamba ya kuanikia nguo imefungwa hivyo. Mpini wa sufuria yangu. Mlango wa banda la kuku. Mguu wa kitanda tulichozalia watoto. Nyumba nzima imeshikiliwa na vifundo vya kushoto, na ukiuliza kwa nini anahangaika kukunja ncha, alikuwa na jibu moja tu:

"Isimchome atakayekuja kufungua."

Nikaufungua. Haukunichoma hata kidogo.

Kifimbo kikasogea. Laini, kama droo iliyopakwa sabuni.

Turbo ilikuwa nzima. Haikuwahi kukwama hata siku moja.

Nikainua macho. Dirishani pazia lilikuwa limerudi mahali pake.

Waya nikautia kifuani, benki yetu sisi wanawake. Binti akatoka na kitambaa. "Mama, umeona nini?"

"Masizi," nikasema.

Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikauweka waya juu ya kifua chake. Ukawa unapanda na kushuka na pumzi.

"Nini hiki?"

"Nimekikuta kwenye gari."

Akaukodolea macho yale yaliyobaki mistari. "Panya hao. Wanaingiza takataka kwenye injini. Wanajenga viota."

"Panya mwenye koleo?"

Akaufunika kwa kiganja.

"Panya wa mkono wa kushoto? Anayekunja ncha ili asinichome? Anayefunga tukitoka, anafungua tukirudi?"

Chozi likatoka, likapotea kwenye uvimbe wa shavu.

"Ningefanyaje, Stepni? Nilisema kwa mdomo, ukaona. Nikikataa mimi, nimemkataa mwanangu. Gari likikataa, hakuna wa kulaumiwa. Ni chuma tu."

"Na mimi? Mimi umenificha kwa nini?"

"Wewe ungekubali," akasema. "Halafu ungebaki na mzigo huo peke yako mimi nikishaondoka."

Nilikasirika jamani. Nilitaka kumpiga mto, na mito yote alikuwa ameegemea. Nikamwambia, "Keshokutwa unapanda kilima. Utake usitake."

Na kweli gari likapanda. Kwenye ile kona binti alifumba macho karibu atuue, kisha juu kileleni akapiga honi mpaka walinzi wakatoka. Alinikumbatia langoni. "Mama yangu fundi! Umemwokoa Baba!"

Nilimwona Fundi kupitia mlango wa kioo. Muuguzi anatafuta mshipa, anakosa. Anatafuta tena, anakosa. Mkono mzima umekuwa vidonda na michubuko, hakuna pa kuchoma. Hakulia. Alikuwa ananitazama mimi tu, hana hata hasira, kama ng'ombe anavyomtazama mtu aliyefunga lango.

Tulipofika nyumbani nikamvua viatu.

"Asante, mama," akasema.

Hakuniita Stepni. Alinishukuru kama unavyomshukuru mtu usiyemjua aliyekupisha njiani. Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Asante, mama. Maji, mama. Nilikuwa nimempata mgonjwa, nimempoteza mume.

Asubuhi ya zamu iliyofuata, hakutaka kupelekwa kwenye boneti.

"Kagueni wenyewe," akasema, macho darini.

Kisha nikamwambia binti, "Mvalishe baba yako. Oili leo naikagua mimi."

Sasa funzo nitalitoa hapa hapa, kwa sababu mwisho wa mkasa huu haunipi haki ya kumfunza mtu.

Kitu kikikwama nyumbani kwako, usikimbilie kumwaga dawa. Tafuta kwanza nani amekifunga, umuulize kwa nini. Na wewe unayemuuguza mpenzi wako, muulize kama bado ana nguvu ya kuendelea. Ukishamuuliza, usianze kulia kabla hajamaliza kujibu. Kilio chako ndicho kinachomfunga mdomo, na mdomo ukifungwa, mikono itatafuta waya.

Fundi alifia kitandani kwake. Mkono mmoja aliushika binti, mwingine niliushika mimi. Daktari alijua, alikaa naye wakaongea, akasema uamuzi ni wa mgonjwa, akatupa dawa za kumtuliza. Kila mtu alijua. Hakuna aliyedanganywa.

Lakini ili tufike kwenye ukweli huo, ilibidi kwanza mtu akamatwe. Turudini asubuhi ile niliyokagua oili mimi.

Kona ileile. Gari likakohoa. Moshi mweusi. Hendibreki ikalia.

"Haiwezekani!" Binti akaupiga usukani. "Mama, si juzi umelitengeneza?"

Akashuka. Akafungua boneti. Mimi kiti cha nyuma nikawa natazama nyasi za ukingoni kama sijawahi kuona nyasi. Mbele yangu Fundi amelala kwenye godoro lake, kimya, amefumba macho.

Binti alikawia. Kisha nikasikia, "Aah!"

Alirudi ananyonya kidole, damu inamtoka. Mkono wa pili ameshika waya. Msokoto mbaya, mnene, umeparaganyika, ncha zote mbili zimesimama nje kama masharubu ya paka.

Akafungua mlango wangu.

"Mama. Nani amefunga hiki kitu?"

"Panya, mwanangu," nikasema. "Panya wa siku hizi wana mambo."

Kwenye godoro la mbele kukatoka sauti. Nilidhani pumzi imekata. Kumbe anacheka. Anacheka na kukohoa, kifua kinaruka, mtu ambaye hatukumsikia akicheka tangu figo zimfe.

"Stepni," akasema.

Stepni!

Kisha akanyoosha mkono, akakichukua kile kidole cha binti kinachotoka damu, akakifunika kwa kiganja chake kilichovimba.

"Panya huyo bado anajifunza, mwanangu. Mwalimu wake ni mimi. Mimi nikifunga, nasokota kushoto. Na ncha naikunja ndani, isimchome atakayekuja kufungua."